Kiti cha Kando ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kupanga watu. Harusi ikiwa Karungu, mwenyekiti wa kamati ni mimi. Msiba ukiwa popote Nyatike, mimi Nicholas ndiye ninayesema hema lisimame wapi, wazee wakae wapi, wakwe wakae wapi. Duka langu la vifaa vya ujenzi liko pale Sori, lakini nusu ya siku huwa siuzi misumari, nasuluhisha mambo ya viti. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kuipandisha familia yangu ndege, nilijiambia kwamba kama kuna mtu Kaunti nzima ya Migori anayeweza kazi hii, ni mimi. Haya, nisikilizeni mjue mtu huyo ni mjinga kiasi gani.

Safari yenyewe haikuwa ya starehe. Shemeji yangu Lynnet, kitinda mimba wa kwa kina mke wangu, alikuwa amelazwa Nairobi. Valvu ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Madaktari wageni waliokuja kufanya upasuaji walikuwa wanamaliza kazi yao Ijumaa, naye walimpangia Ijumaa hiyo hiyo saa nane mchana. Sasa Lynnet, mwenye kichwa kigumu kama dada yake, akasema haingii chumba cha upasuaji bila kumwona mama yake. Si kwa simu. Amwone na amshike. Akikosa siku hiyo, wageni wanaenda zao, na hakuna aliyejua watarudi lini, wala kama moyo wake ungewangoja.

Mama yake ndiye Mama Teresa, mama mkwe wangu, mjane wa kule Kisegi. Ni mwembamba, mpole, na akisema hapana basi ni hapana. Nyonga yake ni mbovu, hawezi kukaa garini kutwa nzima mpaka Nairobi. Habari zilitufikia Alhamisi, na njia iliyobaki ilikuwa moja tu: ndege ndogo ya Ijumaa asubuhi, kutoka kiwanja cha Homa Bay. Nyingine ingekuja Jumapili.

Kwa wasiotujua, niwaeleze. Sisi Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hamshikani mikono. Hamli mezani pamoja. Hamkai kwenye benchi moja, hata liwe la kanisa. Ukimwona anakuja kwenye kijia chembamba, unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Ni kwer, yaani mwiko, na ukivunjwa huleta chira, ile mikosi na maradhi ambayo mara nyingi haimshiki mkosaji mwenyewe, inamshika aliye dhaifu nyumbani. Vijana wanacheka mambo haya. Hata mimi huyacheka nikiwa Migori mjini. Nikifika Kisegi sicheki.

Nilipiga simu kwa kampuni ya ndege nikiwa kaunta, wateja wakinisikiliza, na sauti nikaipandisha kidogo ili wa nje pia wasikie. Akapokea msichana anaitwa Liz.

"Nataka tukae pamoja," nikamwambia. "Familia. Watu watatu, na sitaki mchezo."

"Ndege yetu ni ndogo, mzee. Upande mmoja kuna kiti kimoja kimoja, upande mwingine viwili viwili, njia inapita katikati."

Yaye! Kama ningeichora hiyo ndege mwenyewe, nisingeichora vizuri zaidi. Mimi kwenye kile kiti cha pekee, kisha njia, kisha mke wangu Millicent, kisha Mama Teresa dirishani. Millicent awe ukuta. Pamoja, lakini kwa adabu. Nilimweleza Liz mpango wote, na alisikiliza kwa subira.

"Sawa, nitawaweka safu ya pili. Sasa niambie uzito wa kila mtu."

"Uzito? Kwani sisi ni magunia?"

"Ndege ndogo hupangwa kwa uzito, mzee. Kauli ya mwisho ni ya rubani, yeye ndiye anaamua nani akae wapi."

Wa mama nikausema, wa Millicent nikausema akinikazia macho. Kisha wangu. Dukani kulikuwa na watu, jamani. "Themanini," nikasema.

Millicent akakohoa.

"Themanini na mbili nikiwa nimekula," nikaongeza.

Ukweli ni kwamba mara ya mwisho mimi kuwa na kilo themanini, simu zilikuwa zile za kuzungusha namba kwa kidole.

Jioni hiyo Sori nzima ilijua ninapanda ndege. Niliwaambia watu watazame juu asubuhi, wataniona nikipita. Ndege ya Nairobi inaelekea mashariki, na Sori iko upande wa pili kabisa, lakini hilo sikulifikiria. Nilitoa koti langu la harusi, halikufunga, nikalivaa wazi nikisema ndiyo mtindo. Nilikodi magari mawili, moja letu na moja la kumchukua Mama Teresa kule Kisegi, maana ningepandaje naye gari moja? Nilijisifu kwa hilo pia. Nikamwambia Millicent, "Unaona mtu anayefikiria?" Hakunijibu. Alikuwa anaongea na dada yake kwa simu, na alikuwa analia.

Tulifika Homa Bay asubuhi. Chumba cha abiria ni kidogo, cha mabati, na kilikuwa kimejaa kwaya. Walikuwa Waadventista wa kutoka Migori mjini, Wakisii wafanyabiashara wa ndizi na mahindi, wakienda kuimba Nairobi kwenye ibada ya kesho yake. Ndege nzima ilikuwa yao na yetu. Kiongozi wao, mzee mmoja mcheshi anaitwa Nyabuto, alinisalimia akaniambia hawawezi kungoja hata saa moja, kwani jua likizama ni Sabato. Nikawatazama mmoja mmoja. Walikuwa watu waliobarikiwa mwilini. Hakuna aliyelala njaa kwenye ile kwaya.

Mama Teresa alikuwa amefika kabla yetu. Aliponiona aligeuka kwenye benchi lake akanipa mgongo, kama inavyopasa, nami nikasimama mlango wa pili, kama inavyopasa. Kikapu kilikuwa miguuni kwake, na mikono ameikunja mapajani. Hajawahi kupanda ndege maisha yake. Millicent alikaa naye akimshika bega.

Kisha Liz, yule msichana wa simu, akasema, "Haya, tupimane."

Mizani yenyewe ilikuwa aina ninayoiuza dukani. Mimi mwenyewe huwaambia wateja kwamba mizani hiyo haijui rafiki. Kwaya ikapanda mmoja mmoja, kimya kimya, Liz akiandika. Millicent akapanda. Mama Teresa akapanda, mizani ikawa kama haikumwona. Zamu yangu ilipofika nikavua koti. Nikavua viatu. Nikatoa simu, funguo, mkanda, hata peremende zilizokuwa mfukoni. Nikapanda nikiwa nimevuta pumzi ndani, sijui nilidhani hewa ina kilo ngapi.

Liz akatazama. Akapiga mizani kofi kidogo. Akatazama tena.

"Mia na kumi na nane," akasema, na alisema kwa sauti ya watu wanaofanya kazi yao vizuri.

Mtu mmoja kwenye kwaya alisema "Bwana asifiwe." Sijui alikuwa na maana gani.

Rubani akaitwa. Alikuwa Mkuria mrefu, Ryoba, asiye na maneno mengi. Akaichukua karatasi ya Liz akaitazama kwa muda.

"Nani ni Nicholas wa themanini?"

Nikainua mkono, suruali nimeishika kwa mkono wa pili maana mkanda ulikuwa mezani.

"Ndugu yangu," akasema. Hakuongeza kitu.

Akaanza kupanga upya. Safu ya pili haingeweza kunibeba mimi na Millicent kwa pamoja. Mimi niende mbele kabisa, kwenye viti viwili vya mbele, ambako hakuna kiti cha pekee, na jirani yangu awe mtu mwepesi, la sivyo mbele kutazidi. Akatazama kwaya. Kwaya nzima ikatazama paa. Macho yake yakazunguka chumba yakaishia kwenye ule mgongo mwembamba juu ya benchi.

"Yule mama," akasema. "Wewe na yule mama."

Nyabuto ndiye aliyesema. "Rubani, huyo ni mama mkwe wake. Hata kwetu Kisii jambo hilo haliwezekani."

"Hata kwetu najua haliwezekani," Ryoba akajibu. "Lakini ndege haijui."

Hapo nikawaka. Hasira zangu ni za karibu, sikatai. "Nilipewa safu ya pili!" nikapaza sauti. "Kwa simu! Tulielewana! Watu watatu pamoja! Nyinyi mnacheza na nani?"

"Safu ya pili nilimpa mtu wa themanini, mzee," Liz akasema kwa upole. Upole wake ndio ulioniuma.

Mama mmoja wa kwaya, Nyamoita, akasimama kwa moyo mwema. "Basi nikae naye mimi, mama wa watu aende nyuma."

Rubani akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Asante, mama. Kaa."

Nikasema tushushe mizigo yangu. Rubani akasema shida si mizigo, shida ni mimi. Nikasema tuweke sanduku katikati yetu. Akasema kiti hakina katikati. Nikasema basi nifunikwe shuka kichwani mpaka Nairobi, niwe kama sipo. Hata Nyabuto, mtu wa Mungu, aligeuka kucheka. Kisha akajizuia akasema tuombe, akaomba, na ombi la Nyabuto si fupi. Tulipofungua macho nilikuwa bado nina kilo zile zile.

Mama Teresa akaongea bila kugeuka, na hakuongea nami, aliongea na binti yake kwa sauti ambayo sote tuliisikia, akiniita kwa jina la mtoto wangu.

"Millicent, mwambie Baba Adoyo asigombane na watu. Mimi nitarudi Kisegi."

"Mama, Lynnet anakungoja."

"Najua ananingoja. Lakini siwezi kukaa paja kwa paja na mume wako, kisha niende na mwili huo huo kumshika mtoto anayepasuliwa moyo. Akifia pale mezani nitajua ni mimi niliyempelekea chira. Nitaishije?"

Akainama, akachukua kikapu chake, akasimama.

Mtu mwenye akili angeelewa hapo hapo. Mimi nilimgeukia rubani tena. Nilimwambia nitaandika barua. Nilimwambia namjua diwani. Nilimwambia mimi si mtu wa kuchezewa, na kwamba mtu akihifadhi viti vya familia ni lazima familia ikae. Nilikuwa nimenyoosha kidole, jasho linanitiririka, suruali inateleza. Ryoba alinisikiliza akitazama mawingu yaliyokuwa yanakusanyika upande wa ziwa.

Millicent alikuja akasimama mbele yangu. Mke wangu hapigi kelele. Akikasirika, sauti hushuka.

"Nicholas. Nani anamzuia mama?"

"Si ni huyu rubani! Na huyu msichana wa simu, na hawa…"

"Nani?"

Kidole changu kikazunguka chumba chote, kikarudi chini.

"Lynnet alimwita nani?" akaniuliza. "Alisema anataka mama yake. Hakusema anataka mwenyekiti."

Mnajua kuna maneno yanapita masikioni na kuna maneno yanaenda moja kwa moja tumboni. Nikaanza kutafuta kichwani ni nani aliyeniomba niende Nairobi. Lynnet hakuniomba. Madaktari hawanijui. Millicent alisema tangu mwanzo, "Mimi na mama tutaenda," na ni mimi niliyesema familia haiendi bila mwanamume. Nilijialika. Nilitaka Sori itazame juu iseme, yule ni Nicholas anapita. Na sasa mtoto wa watu amelala Nairobi akitazama mlango, na kati yake na mama yake hakuna mlima, hakuna ziwa, kuna mimi. Niliona aibu, ndugu zangu. Si ile aibu ya mizani. Ile ya mizani ilikuwa mchezo.

Nikamfuata rubani. "Na mimi nikibaki?"

"Ukibaki, mama anakaa na binti yake," akajibu mara moja. "Safu yoyote wanayotaka."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Ulikuwa unaongea."

Basi wakaingia. Kwaya kwanza, kisha Millicent na mama yake. Njia ya kwenda kwenye ndege ilipita pale niliposimama, kwa hiyo nikatoka njiani, nikaenda kwenye nyasi kando ya ua, nikawapa mgongo. Nilisikia viatu vya Millicent vikipita, akanigusa kiwiko. Nikasikia ndala za mama mkwe wangu zikija polepole kwa ajili ya nyonga. Zilipofika nyuma yangu zikasimama. Sikugeuka. Zikakaa hapo kidogo, kisha zikaendelea.

Ndege ilipoanza kukimbia nikageuka. Kwenye dirisha la safu ya pili niliona vichwa viwili vimebanana kabisa, cha mama na cha mtoto. Familia ilikuwa imekaa pamoja kama nilivyotaka. Ilihitaji tu mpangaji abaki.

Nilirudi Sori nikiwa nimejilaza kiti cha nyuma cha gari la kukodi ili nisionekane. Nilionekana. Watoto wa jirani walikuwa bado barabarani, shingo zimepinda, wanaipungia mikono ndege fulani ya mbali iliyokuwa inakwenda Tanzania. "Nicholas huyo! Nicholas huyo!" Mimi nikashuka nyuma yao nimeshika koti. Mpaka leo wananiita Themanini, na si watoto peke yao.

Lakini mchana huo sikujali jina lolote. Nilikaa nyuma ya mifuko ya saruji nikitazama simu. Millicent aliandika kwamba wamefika, mama amemshika Lynnet, Lynnet ameingia. Kisha kimya. Saa tisa, kimya. Saa kumi, saa kumi na moja. Nilikuwa nimekubali kudharauliwa na Nyatike nzima, mradi yule mtoto atoke. Niliomba kwa maneno mafupi, sikuwa na nguvu za maneno ya Nyabuto.

Jua likielekea kuzama, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Millicent, lakini sauti haikuwa ya Millicent.

"Baba Adoyo."

Nilisimama. Tangu nioe, sauti ile haikuwahi kuja kwangu bila mtu katikati.

"Mama."

"Ametoka. Bado amelala, lakini anapumua vizuri. Daktari amesema moyo umekubali."

"Mungu asifiwe, mama."

Nilidhani amemaliza, nikabaki nimesimama na simu sikioni.

"Ile ndege ilitikisika sana juu ya milima," akasema. "Nilipiga kelele. Nilimng'ang'ania Millicent, nikamlilia kifuani mpaka tukashuka. Ningekuwa nimekaa na wewe, ningenyamaza kwa heshima. Na mimi najijua, Baba Adoyo. Ule woga, ningenyamaza nao, ungeniua kabla sijamwona mtoto wangu."

Nikajibu "ndiyo" peke yake. Mimi, Nicholas.

"Kabla hajaingia, Lynnet aliniuliza uko wapi. Nikamwambia umebaki ili mimi nifike. Akaniuliza kama umebaki kwa hiari yako." Nikamsikia anavuta pumzi. "Nikamwambia ndiyo, mara moja tu ulipoambiwa. Sikumwambia habari za diwani, wala za shuka."

Akakata simu. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikalia kwa sauti, mwanamume mzima wa kilo mia na kumi na nane, na mteja aliyekuwa ameingia kuulizia misumari ya inchi tatu akatoka kinyumenyume.